Bomba Lisilonasa: Namna ya Kumpima Mchimbaji wa Kisima

Bomba la kuchimbia hunasa pale linapogoma kupanda, kushuka au kuzunguka likiwa ndani ya shimo. Kwenye visima virefu vya maji pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, ajali hiyo inaweza kula siku kadhaa, na mara nyingine shimo huachwa pamoja na chuma kilichomo. Wachimbaji wa gesi na mafuta nao hupambana na tatizo hilohilo. Umahiri wa kikosi huonekana hasa kabla bomba halijanasa.

Kwanza ni kuijua ardhi. Uwanda wa pwani kwa sehemu kubwa ni mchanga uliopishana na matabaka ya mfinyanzi. Mchanga humomonyoka na kulifukia bomba. Mfinyanzi ukinywa maji huvimba na kulibana. Kwenye mawe ya chokaa kama yale ya Wazo, yanayolisha kiwanda cha saruji, mianya inaweza kulimeza ghafla tope la kuchimbia, na vipande vya udongo na mawe vilivyokuwa vikipanda nalo vikarudi kukalia kichwa cha kuchimbia. Fundi mzuri huulizia visima vya jirani, huanika sampuli za udongo kwa mpangilio wa kina, na huweka bomba pana la kuzuia mchanga wa juu kabla ya kwenda chini zaidi.

Pili ni tope. Kazi yake ni kupandisha vipande na kushikilia kingo za shimo. Mnato wake hupimwa kwa faneli ya Marsh: maji safi yapatayo mililita 946 hupita kwa sekunde 26, ilhali tope la kuchimbia mchanga uliolegea kwa kawaida huchukua kama sekunde 35 hadi 45. Palipo na mfinyanzi unaovimba, polima hufaa kuliko bentonaiti (unga wa mfinyanzi wa kutengenezea tope) peke yake. Karibu na bahari, bentonaiti iliyokorogwa kwa maji ya chumvi haiumuki sawasawa; kikosi makini huleta maji baridi hata kama kuna kisima cha chumvi hatua chache tu. Tope likisuguliwa kati ya vidole na kukwaruza, ni dalili kwamba mchanga hautuami kwenye dimbwi la tope, bali unarudishwa shimoni na pampu.

Tatu ni mazoea ya kazi. Kabla ya kuongeza bomba, kikosi kizuri hulipandisha na kulishusha lililopo, tope likiendelea kuzunguka mpaka vipande vipungue. Bomba jipya huwa tayari, nyuzi zake zimesafishwa na kupakwa grisi, ndipo pampu izimwe. Mabomba yanapotolewa, shimo hujazwa tope ili usawa usishuke. Kikosi kinachokwenda kula mchana huku bomba limetulia chini ya shimo kinastahili kutiliwa shaka.

Likinasa, fundi mahiri havuti kwanza. Huuliza mambo matatu: bomba lilikuwa likifanya nini, tope bado linapita, na bomba linazunguka? Geji ya presha ikipanda na tope likakoma kurudi juu, shimo limeziba kwa vipande au kingo zimeporomoka. Hapo pampu hupunguzwa, bomba likajaribiwa kuzungushwa na kusogezwa kinyume cha mwendo lilionasia: lililonasa likivutwa hushushwa kwanza. Kulivuta kwa nguvu huzidi kukaza kizibo.

Tope likipita bila shida ilhali bomba lililokuwa limetulia halisogei wala kuzunguka, huenda limenyonywa na ukuta wa mchanga. Maji ya ardhini yakiwa mita 10 chini na tope limejaa hadi juu, tofauti ya presha ni karibu bar 1. Bomba likigusana na ukuta kwa upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 3, hukandamizwa kwa nguvu ipatayo tani 3. Kadiri muda unavyopita, utando wa tope huongezeka unene na eneo la mgusano hupanuka. Kwa hiyo fundi hupunguza uzito wa tope kwa tahadhari, kingo zisiporomoke, au hupeleka kilainishi mahali liliponasa, kisha hulitikisa bomba bila kuchelewa.

Kwenye visima vya gesi na mafuta kuna nyundo maalumu inayofungwa kati ya mabomba; mashine nyingi ndogo za visima vya maji hazina. Kwa hiyo mpaka wa kuvuta huwekwa kwa kuzingatia nguvu ya mlingoti, winchi na nyuzi za bomba, na watu husogezwa mbali. Juhudi zikishindikana, mabomba ya juu hufunguliwa kwenye kiungo na yaliyobaki huvuliwa kwa kifaa cha kukamatia.

Mkataba mzuri hutaja mapema nani atabeba gharama ya chuma kilichopotea, na ripoti ya kazi huonyesha kina liliponasa, presha na hatua zilizochukuliwa. Shimo linaloachwa hujazwa saruji au mfinyanzi na kuzibwa. Lisipozibwa, katika mitaa yenye vyoo vya shimo, maji machafu hupata njia ya kufikia maji yanayonywewa na majirani.