Meza Kuu Ndiyo Iliyoharibu Mnazi Mmoja

Kosa la Mei 17, 2023 lilifanyika kabla mtu yeyote hajashika kipaza sauti. Lilifanyika pale viti vilipopangwa. Kila aliyefuatilia siku zile tatu anakumbuka sura yake: maduka ya soko la Kariakoo, Dar es Salaam, yamefungwa tangu Jumatatu ya Mei 15, wafanyabiashara wamejaa viwanja vya Mnazi Mmoja, Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa na wenzake wa serikalini wako meza kuu, na mbele yao foleni ya watu wanaosubiri zamu. Mmoja anaeleza kamatakamata ya kikosi kazi cha kodi, mwingine usajili wa stoo, mwingine risiti za mashine ya EFD, mwingine mteja wake wa Kongo au Zambia aliyekamatwa na mzigo njiani akaapa kutorudi. Ikaenda hivyo kwa saa kadhaa, hadharani, na watu walisema bila kung'ata maneno. Hilo lilikuwa jema na halikuwa dogo. Lakini angalia maneno yalikokuwa yakielekea. Yote yalipanda meza kuu. Hakuna hata sentensi moja iliyokusudiwa kutoka kwa muagizaji kwenda kwa mwenye fremu, au kutoka kwa mwenye fremu kwenda kwa afisa wa kodi anayemfahamu kwa jina. Kisha aliyekuja kusikiliza akawa ndiye anayeamua. Kikosi kazi kikasitishwa kwa kauli, usajili wa stoo ukasitishwa kwa kauli, kamati ya pamoja ikaundwa kwa kauli, na watu wakaenda kufungua milango.

Uamuzi huo wa mwisho, wa aliyekuja kusikiliza kutoa hukumu palepale, ndio ninaoupinga, na naupinga nikijua ulishangiliwa. Nausema kosa la kiufundi kwa sababu tunazo mbinu za kusikilizana zinazojulikana, na nyingi kati yake zinakubaliana katika jambo moja: sikio na muhuri visiwe katika mkono mmoja kwa saa moja. Anayezungumza akijua kwamba msikilizaji wake anaweza kutoa amri kabla ya adhuhuri haelezi hali yake, anawasilisha maombi. Anachagua kero nzito kuliko zote, anaipandisha sauti, anaacha ile sehemu ya habari inayomgusa yeye mwenyewe. Nani angesimama Mnazi Mmoja, mbele ya serikali nzima, akasema kwamba hatoi risiti ya bei halisi kwa sababu aliyemuuzia kwa jumla hakumpa risiti, na aliyemuuzia kwa jumla hakumpa kwa sababu mzigo uliingia kwenye kontena la kuchangia ambalo nyaraka zake hazimhusu? Huo ndio mnyororo wenyewe. Kila mtu wa Mtaa wa Kongo, hapohapo Kariakoo, anaujua, maafisa wa kodi wanaujua, mawakala wa forodha wanaujua zaidi ya wote. Lakini mbele ya meza kuu ukweli wa namna hiyo ni kukiri kosa, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayekiri kosa kwenye kipaza sauti.

Katika mduara, mojawapo ya mbinu hizo, mambo huwa tofauti, na sisemi hivyo kwa mapenzi ya mambo ya kale. Mduara una kanuni zake ngumu. Anayezungumza ana kijiti, na asiye na kijiti ananyamaza. Zamu inapita kwa kila mmoja, pamoja na wale ambao hawangeomba nafasi. Mtu haruhusiwi kujibu hoja ya mwenzake mpaka airudie kwa maneno ambayo mwenzake atasema, ndiyo, hicho ndicho nilichosema. Kanuni hii ya tatu ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyokosekana Mnazi Mmoja. Serikali ilitoa majibu, lakini hakutengewa muda afisa wa kodi arudie habari ya mwenye duka hadi mwenye duka aridhike kwamba amesikiwa, wala mwenye duka hakutakiwa arudie habari ya afisa aliyepewa lengo la makusanyo na siku za kulifikia. Kila upande uliondoka na maelezo yake uliyokuja nayo. David Bohm, mwanafizikia aliyezeekea kwenye suala hili la mazungumzo ya vikundi, alipendekeza watu 20 hadi 40, wakae duara, na alikwenda mbali kiasi cha kutaka kundi lisilazimishwe kuamua lolote. Hapo mimi simfuati, maana Kariakoo si chuo kikuu na duka lililofungwa lina pango la kulipwa. Ila alikuwa sahihi kwamba haraka ya kuamua huua usikivu.

Meza kuu ina dhambi nyingine ambayo haionekani kwenye runinga. Inawafanya watu waliokaa mbele yake waonekane kitu kimoja. Siku ile zilitajwa pande mbili tu, serikali huku na wafanyabiashara kule, na wote tukaridhika na hesabu hiyo. Kariakoo haijawahi kuwa hivyo. Muagizaji na mwenye fremu wana ugomvi wao wa risiti. Mwenye fremu na mwenye jengo wana ugomvi wa kodi ya pango. Mwenye fremu na machinga wana ugomvi mkongwe wa kibaraza, uliofikia kilele Oktoba 2021 wakati wamachinga walipoondolewa mbele ya maduka na kupangiwa maeneo mengine. Ukiwaweka wote uso mbele, kila mmoja akiona mgongo wa mwenzake, wakiangalia jukwaa, ugomvi huo unalala kwa siku moja na wanapata adui wa pamoja. Ukiwakalisha duara wanalazimika kuangaliana. Kuna kejeli katika mahali palipochaguliwa pia. Mnazi Mmoja ni ule ukanda wa wazi ambao wapangaji wa mji wa kikoloni waliuacha ili Uhindini usigusane na Kariakoo ya Waafrika. Uwanja uliotengwa kwa ajili ya kutenganisha watu ulitaka mpangilio makini zaidi wa viti, siyo maturubai na itifaki imezingatiwa.

Nimeshalalamika kuhusu itifaki, sasa nije kwenye kamati. Kamati ya pamoja ilikuwa wazo zuri kwenye karatasi, kwa kuwa iliwaweka wafanyabiashara na watumishi wa serikali meza moja. Tatizo ni kwamba ilizaliwa baada ya shangwe. Maamuzi yenye ladha yalikuwa yameshatolewa jukwaani, ikabaki na mabaki. Na somo ambalo soko lilichukua lilikuwa wazi kama bei ya sukari: ukitaka kusikilizwa, funga duka. Juni 24, 2024 maduka ya Kariakoo yakafungwa tena, malalamiko ya kodi yakiwa yaleyale kwa majina mapya kidogo, na safari hii mgomo ukasambaa hadi mikoani. Mwaka mmoja na mwezi mmoja na siku chache. Sidai kwamba mpangilio wa viti peke yake ndio ulioleta mgomo wa pili. Sera za kodi zina uzito wake na uchumi una wake. Nadai kwamba njia iliyotumika Mei 2023 haikuacha nyuma yake chombo chochote cha kusikilizana ambacho kingeuona mgomo ukija.

Waliotangulia walifanya vizuri zaidi wakiwa na vifaa vichache. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikuwa na jambo gumu kuliko mashine ya EFD: chama kishiriki au kisishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, tena kwa masharti ya kipato na elimu yaliyowatupa nje wananchi wengi. Wajumbe wengi walifika wakiwa wamekasirika na wakitaka kususia. Walibishana kwa siku kadhaa, na Nyerere aliyetaka chama kishiriki hakuwa na polisi wala hazina ya kuwalazimisha. Ilibidi aelewe hasa wanaogopa nini kabla ya kuwageuza. Waliposhindwa waliopinga, Zuberi Mtemvu aliondoka akaanzisha chama chake cha African National Congress, lakini wengi wa waliokuwa na msimamo kama wake walibaki na kwenda kuufanyia kazi uamuzi ambao hawakuupenda. Hapo ndipo kipimo cha usikivu kilipo: aliyeshindwa anafanya nini kesho yake asubuhi. Na kabla ya Tabora kulikuwa na Baraza la Wazee la TANU hapahapa mjini, chini ya Sheikh Suleiman Takadir, ambamo mtu kama Mshume Kiyate, mchuuzi wa samaki wa sokoni Kariakoo, alikuwa na kauli inayosikika. Kulikuwa pia na Bibi Titi Mohamed, aliyewafikia akina mama kupitia vikundi vya ngoma, lelemama na vinginevyo, ambavyo vilikuwa na viongozi wake na namna zake za kukubaliana zamani kabla ya chama chochote.

Najua nitakachojibiwa: Takadir huyohuyo alifukuzwa mwaka 1958 kwa kusema alichokiona, kwa hiyo baraza la wazee halikuwa pepo. Ni kweli, na inauma. Baraza linaweza kumkata mtu ulimi kwa upole kuliko jukwaa, kwa sababu kila aliyemo anajua nani ni nani. Rwanda imeonyesha hilo kwa ukubwa wake: mahakama za gacaca za kesi za mauaji ya kimbari, zilizofungwa Juni 2012 baada ya takriban miaka kumi, zilikaa majanini pamoja na majirani wote, na bado kulikuwa na mambo ambayo haikuwa salama kuyataja. Mduara hauondoi nguvu ya mwenye nguvu. Unachofanya ni kuiweka mahali inapoonekana, na kumnyima mwenye nguvu haki ya kuzungumza mwanzo na mwisho. Hiyo si kinga kamili, lakini Mnazi Mmoja hakukuwa na hata hiyo.

Jibu la pili ni la idadi. Watu maelfu hawakai duara, utawakalisha wapi? Hawakai, na hakuna aliyesema wakae. Kariakoo ina mitaa, mitaa ina vijiwe, na wanawake wanaouza chakula na vitenge wana vikoba vinavyokutana kila wiki, wanachama wamekaa mviringo, sanduku katikati lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Mwombaji wa mkopo anaeleza shida yake mbele ya wote, wanamhoji wote, wanaamua wote. Wale wanaodhani mazungumzo ya duara ni mtindo wa wageni wa warsha za hotelini wangepita nyuma ya soko siku ya kikao. Mduara wa watu thelathini kwa kila mtaa, kisha mduara wa waliochaguliwa na mitaa, ni kazi ya siku tano au sita. Ni siku nyingi kuliko mgomo wenyewe, nakubali, na hapo wanaotetea uamuzi wa jukwaani wana hoja yao nzito kuliko zote: mapato yalikuwa yanapotea, wateja wa nje walikuwa wanaondoka, kulihitajika neno la haraka. Sawa. Neno la haraka lingeweza kuwa moja tu, kikosi kazi kisimame kwa siku 30, fungueni. Hilo ni kuzima moto. Mengine yote yangesubiri yasikilizwe.

Lililo gumu zaidi kulijibu ni la Warioba. Tume ya Mabadiliko ya Katiba aliyoiongoza Jaji Joseph Warioba ilitenganisha sikio na muhuri kama ninavyotaka: ilizunguka nchi, ikaunda mabaraza ya katiba, ikasikiliza, ikaandika rasimu ya serikali tatu. Kisha mwaka 2014 muhuri ulikuwa kwa Bunge Maalumu, umoja wa wapinzani wa UKAWA ukatoka nje mwezi Aprili, na kilichosikilizwa kikawekwa kando. Kwa hiyo kutenganisha peke yake hakutoshi. Mwenye muhuri asipokaa kwenye mduara, anaupokea usikivu wa wengine kama ripoti, na ripoti haina macho. Ndiyo maana nasema Waziri Mkuu alistahili kuwepo tangu siku ya kwanza, lakini kwenye kiti cha mjumbe, asiyeongoza kikao, akipokea kijiti zamu yake inapofika, na akitoa kauli ya serikali siku ya mwisho. Mwenyekiti angekuwa mtu asiye na duka wala sare. Oktoba 2024 Rais Samia alizindua Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Tume ni chombo kizuri cha kupokea maoni, lakini ni njia ya Warioba tena.

Kama ningepewa kupanga mduara wa kwanza wa Kariakoo, ningeweka viti 24, mbali na cha mwenyekiti na cha Waziri Mkuu. Waagizaji wanne, wenye fremu sita, machinga watatu, wapagazi wawili kwa sababu wao ndio wanaojua mzigo unakokwenda, wenye majengo wawili, mawakala wa forodha wawili, maafisa wa kodi watatu wa ngazi ya mtaani wanaogonga milango wenyewe, na polisi mmoja. Kiti cha 24 ningempa mnunuzi kutoka Lubumbashi, ambaye siku ile Mnazi Mmoja kila mtu alimsemea.