Kingamwili Inayojua Kunyamaza

Mjomba wangu hurina asali usiku, kwenye miyombo ya Kibondo. Kabla ya kuwasha mwenge hupanda hadi kwenye mzinga wa gogo, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Wenye nyuki huvuma. Mtupu hunyamaza, naye hushuka zake. Nikiwa mtoto, nikitoka kwetu Kasulu kumtembelea, niliamini ustadi wake wote ni kustahimili kuumwa.

Maumivu yale huletwa hasa na melitini, karibu nusu ya sumu kavu ya nyuki. Lakini humo humo, kwa asilimia 2 au 3 tu, mna apamini: mnyororo mfupi wa asidi amino 18. Hiyo huziba mlango wa potasiamu uitwao SK, protini iliyotanda kwenye ngozi ya chembe za neva. Kalsiamu ikijaa ndani ya chembe, mlango hufunguka, potasiamu hutoka, na neva iliyokuwa ikipiga mfululizo hupata kupumua. Ukizibwa, neva hukosa wa kuituliza. Miaka mingi wanasayansi waliutambua mlango huu kwa sumu ya nyuki, mpaka jeni zake zilipopatikana mwaka 1996.

Kujua kwamba upo ni jambo moja. Kuonyesha umekaa wapi kwenye ubongo ni jingine, na hapo ndipo inapohitajika kingamwili, protini ya kinga inayoshika kitu kimoja mahususi. Kazi ya kuitengeneza naipenda kwa moyo wote. Fundi huchagua kipande kifupi cha protini, sehemu ambayo SK2, aina mojawapo ya mlango huo, haifanani na ndugu zake SK1 na SK3. Kwa kuwa kipande peke yake ni kidogo mno kuushtua mwili, hukifunga kwenye protini kubwa itokanayo na damu ya konokono wa baharini, kisha humdunga sungura. Wiki zinapita. Anadunga tena, anasubiri tena. Damu hutolewa kwenye mshipa wa sikio, na kingamwili huchujwa kwa kipande kile kile kama chambo: zinazokishika hubaki, zisizokishika huoshwa zikaenda. Hakuna mashine inayoweza kumharakisha sungura.

Halafu huja kuijaribu. Protini za ubongo wa panya husukumwa kwa umeme ndani ya jeli, nyepesi zikitangulia na nzito zikibaki nyuma, kisha huhamishiwa kwenye utando mweupe. Unamwagia kingamwili, unaosha, unaweka rangi. Iliposhika, mstari hutokea.

Mstari wangu wa kwanza maabarani ulitokea mweusi, safi, kwenye uzito ule ule niliousoma vitabuni. Kingamwili ile tulikuwa tumeinunua tayari kichupani. Nilipiga nayo picha za ubongo kwa miezi minne. Kisha dada mmoja aliyenitangulia kazini akaniletea ubongo wa panya aliyezaliwa bila jeni ya SK2. “Jaribu na huu, mdogo wangu,” alisema. Mstari ukatokea tena, mweusi vile vile. Kichupa kilikuwa kikishika protini nyingine yenye uzito unaokaribiana na huo, na picha zangu zote hazikuwa za mlango wa potasiamu. Sikulala usiku ule.

Tuliandaa kingamwili nyingine kutoka mwanzo. Siku ya kuijaribu tuliweka utando wa ubongo wa kawaida kushoto, na wa ule usio na jeni kulia. Kwa utando wa tatu, nao wa ubongo wa kawaida, tulichanganya kingamwili na chambo chake kabla ya kuimwaga, ili mikono yake iwe imeshajaa. Dada aliweka rangi. Kushoto, mstari ulipanda taratibu kama wino kwenye karatasi yenye unyevu. Utando wa tatu haukuonyesha kitu. Na kulia, utando ulibaki mweupe tangu juu hadi chini. Tuliinama juu ya weupe ule muda mrefu, nyuso zetu zikikaribia kuugusa, nami nilikuwa nimetega sikio.