Nyimbo Zisizoimbwa: Kodiani ya Hailu Mergia

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na kuuliza kwanza kazi hiyo inasema nini. Swali hilo hukwama mbele ya kanda ambayo Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Ethiopia, aliirekodi Washington mwaka 1985. Humo mna nyimbo za kale za kwao zilizopigwa kwa kodiani, piano ya umeme, vinanda vya elektroniki na mashine ya ngoma. Ala zote zilipigwa na mtu mmoja.

Mergia alikwisha kuujua muziki wa ala tupu. Akiwa katika bendi ya Walias, iliyotumbuiza katika Hoteli ya Hilton ya Addis Ababa, alishiriki kutoa mwaka 1977 santuri ya Tche Belew, iliyochanganya jazi, fanki na mizani ya Kihabeshi. Wakati huo utawala wa kijeshi ulikuwa umeishika nchi tangu 1974. Mwaka 1981 bendi ilizuru Marekani. Baadhi ya wanamuziki walirudi kwao, Mergia akabaki. Kwa hiyo upweke unaosikika katika kanda hii haukutokana na uamuzi wa kisanaa peke yake: wenzake walikuwa wametawanyika.

Kanda ilipotolewa upya mwaka 2013, ilikuwa rahisi kwa msikilizaji wa mbali kuvutiwa na ugeni wa mitambo yake. Usikivu huo una upungufu. Kodiani ilikuwa ala maarufu ya Addis Ababa kabla ya vinanda vya umeme kuisukuma kando, nayo ndiyo aliyoanza kujifunza Mergia katika ujana wake. Mitambo imewekwa hapa ili iibebe sauti iliyotangulia.

Je, sauti hiyo husema? Kongo ina jibu lake la kale. Walokele wa pande za Kisangani walituma habari kwa ngoma ya gogo, kwa kuwa lugha yao ina toni, na ngoma iliigiza kupanda na kushuka kwa maneno. Kiamhari hakitofautishi maneno kwa toni, kama kisivyofanya Kiswahili. Hivyo kodiani ya Mergia haiwezi kusema kwa njia hiyo. Njia yake ni kumbukumbu: anayeujua wimbo huyatia maneno mwenyewe. Chukua kipande kiitwacho Shilela. Shilela ni majigambo ya shujaa, utanzu unaotegemea kinywa cha mtu anayejitapa mbele ya watu. Hapa kinywa kimeondolewa. Mhabeshi husikia pengo hilo. Msikilizaji wa Goma husikia lahani nzuri, na hapana budi kukiri kwamba amepungukiwa.

Yumkini sebene ya rumba itamsaidia kidogo. Magitaa yanapoachiwa uwanja, mchezaji bado ana maneno masikioni, maana yameimbwa dakika chache kabla. Kwa Mergia maneno yaliimbwa miaka mingi kabla, katika nchi nyingine.

Dosari ya kanda ni mashine ya ngoma. Mdundo wake haupumui, na vipande viwili vitatu vinachosha kwa namna wanayoijua vyema waliokesha harusini mbele ya kinanda chenye midundo iliyotengenezwa kiwandani. (Makanisa nayo hayajambo.) Hata hivyo, kodiani inapochelewa kidogo nyuma ya mdundo huo, pumzi ya viriba vyake ikikataa kuswagwa, ndipo kazi hii inapofikia kilele chake. Wapiga ngoma wa kweli wangemngoja, mashine haimngoji.

Miaka mingi baadaye Mergia aliendesha teksi katika uwanja wa ndege wa Dulles, akifanya mazoezi ya kinanda garini alipongoja abiria. Mwaka 2018 alitoa Lala Belu akiwa na Mike Majkowski kwenye besi na Tony Buck kwenye ngoma. Muziki umechangamka, kodiani imepata wa kuitikiana naye, na mvutano ule wa 1985 umelegea. Katika kipande cha mwisho tu, Yefikir Engurguro, wenzake wananyamaza, naye anabaki na piano, bila mdundo wa kumkimbiza.