TopSpin 2K25: Miguu Kwanza, Kidole Baadaye

Anayeishika TopSpin 2K25, gemu ya tenisi, kwa mara ya kwanza hupoteza pointi kwa kosa lilelile: mpira ukivuka wavu, kidole kinaruka. Anabonyeza kabla mchezaji wake hajafika, kisha anashangaa mpira unatoka nje ya mstari.

Studio ya Hangar 13, iliyoitengeneza gemu hii iliyotoka Aprili 2024, imeujenga mchezo wote juu ya kosa hilo. Kitufe ukikigusa tu, unapata pigo la uhakika, la kuuweka mpira unapotaka. Ukikishikilia na kukiachia wakati mpira unafika kwenye raketi, unapata pigo la nguvu. Kipimo kidogo kinakuonyesha kama uliwahi, ulichelewa au uliupata wakati wenyewe. Ila ukianza kushikilia kitufe ungali mbali na mpira, wepesi wa kukimbia unapotea. Kwa hiyo swali la kwanza si upige wapi, bali usimame wapi. Hivyo ndivyo tenisi ilivyo hata kwenye kiwanja cha kweli, na gemu chache zimelifikisha jambo hilo mkononi vizuri kiasi hiki.

Nguvu nazo zina gharama. Mikimbio mirefu na mapigo makali yanamchosha mchezaji, na aliyechoka anakosea zaidi. Mpinzani anayekukimbiza kutoka kona hadi kona, akikata mpira ushuke chini kisha akiuinua juu ya kichwa chako, anaweza kukumaliza bila pigo hata moja la kutisha. Kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros mbinu hiyo inalipa. Kwenye nyasi za Wimbledon mpira hauna subira hiyo.

Kipimo kile cha wakati wa kupiga, kwa maoni yangu, ndicho pia udhaifu wa gemu hii. Jicho linazoea kukitazama badala ya kumsoma mpinzani: bega lake limegeukia wapi, amesimama nyuma kiasi gani. Unaweza kushinda mechi nyingi huku hujaitazama tenisi yenyewe.

Nje ya kiwanja mambo yanapwaya. Watangazaji hakuna, ni sauti ya mwamuzi na mashabiki basi, na fainali inasikika kama raundi ya kwanza. Bingwa wa zamani John McEnroe yupo, lakini kama sauti ya mafunzo. Mashindano yote manne makubwa yamo, Federer, Serena Williams na Alcaraz wamo, ila gemu ilipotoka Djokovic na Nadal hawakuwemo. Pengo hilo halizibwi na jezi nzuri.

Sehemu ya kumkuza mchezaji wako inakwenda kwa miezi: mazoezi, tukio maalumu, shindano, kisha unarudia. Msimu wa kwanza unanoga, wa tatu unachosha. Tena inadai intaneti hata kama unapambana na kompyuta tu, na mwenye kutegemea bando la simu anajua maana yake. Juu ya hapo kuna VC, sarafu ya ndani ya gemu, inayopatikana polepole kwa kucheza au haraka kwa pesa halisi. Waliokwisha kulipa bei ya gemu kubwa walinung'unika, na walikuwa na haki: gemu iliyofanya kazi safi kiwanjani haikustahili kuwekewa duka mlangoni.