Wapiga Mianzi

Tinikling ikichezwa, macho ya watu wote huwa miguuni. Msichana na mvulana, miguu peku, wanaingia na kutoka kati ya mianzi miwili inayofunguka na kufumba, na umati unangoja kuona kifundo cha nani kitabanwa leo. Mimi huwatazama walio chini. Wale wawili waliochuchumaa, mmoja huku na mmoja kule, wakishika ncha za mianzi, ndio wenye ngoma.

Chimbuko lake ni Leyte, katika visiwa vya Visayas nchini Ufilipino, na kinachoigwa ni mwendo wa tikling, ndege wa mashamba ya mpunga mwenye miguu mirefu, hodari wa kupenya kwenye majani na kukwepa mitego ya wakulima. Wapo wanaosimulia kwamba ilianza enzi za Wahispania, vibarua wakiadhibiwa kwa kupigwa miguu kwa mianzi. Kwangu ndege anatosha. Mwangalie mchezaji anavyoinua goti na kushusha wayo, utamwona.

Mianzi huwa na urefu wa mita mbili hadi tatu hivi, nayo hulazwa juu ya vipande viwili vya mbao, kimoja kila mwisho. Mapigo ni matatu. La kwanza, mianzi inagonganishwa. La pili na la tatu, inaachanishwa kiasi cha futi moja na kugongwa juu ya mbao. Ta, du-du. Mpigaji anayeijua kazi haipaishi mianzi anapoifumba. Anaiburuza juu ya mbao, maana ikipaa itamkuta mchezaji kwenye muundi. Vidole vyake hukaa juu na ubavuni, kamwe si chini, la sivyo ataviponda mwenyewe. Na lazima afumbe sawia na mwenzake aliye mbali naye: mmoja akichelewa hata kidogo, mlango unakwenda upande.

Mchezaji naye ana hesabu yake. Mianzi ikifumba, yuko nje kwa mguu mmoja. Ikifunguka, anakanyaga ndani mara mbili, mguu huu kisha huu, halafu anatokea upande wa pili. Hatua ni tatu na miguu ni miwili, kwa hiyo kila duru huanza na mguu ambao haukuanza duru iliyopita, na mwili unayumba kushoto na kulia bila kuambiwa. Aliyekomaa hatazami chini, anasikiliza. Ni kama kuruka kamba: sifa ni za mrukaji, lakini mzungushaji akinuna hakuna mchezo.

Kwamba haya yote yanafundishika ni kazi ya Francisca Reyes-Aquino, mwalimu wa mazoezi ya viungo, ambaye miaka ya 1920 alizunguka vijijini akiandika hatua, muziki na mavazi ya ngoma za kwao. Tasnifu yake aliiwasilisha Chuo Kikuu cha Ufilipino mwaka 1926, na mwaka 1973 akatunukiwa hadhi ya Msanii wa Taifa. Kundi la Bayanihan, lililoanzishwa mwaka 1957, lilizipeleka ngoma za nchi hiyo kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka uliofuata. Jukwaani zikang'arishwa, mno kidogo kwa ladha yangu.

Shuleni ndiko zilikobaki na vumbi lake. Ndiyo maana Mfilipino uliyekutana naye kazini Doha au Dubai, awe nesi au mpishi, ukimtajia tinikling hakusimulii habari za ndege wala za Leyte. Anakuonyesha kifundo cha mguu. Kisha viganja vinaanza kugonga meza, ta, du-du, na anarudi kwenye uwanja wa shule, kwenye mistari ya chaki waliyoiruka kabla ya kuruhusiwa kusogelea mianzi. Na aliyekuwa akimgongea siku hiyo, hajamsahau.

Kadiri magitaa na bandurria za rondalla, bendi ya vyombo vya nyuzi, zinavyoendelea, kasi huongezwa. Mara nyingine mianzi miwili zaidi hulazwa kuikingama ile ya kwanza, wapigaji wakawa wanne, na katikati panabaki kidirisha cha mraba kinachofunguka na kufumba pande zote nne kwa wakati mmoja. Hapo hata mimi huiacha mikono, nikatazama miguu.