Hadi Diski Inayoonekana Leo na Kupotea Kesho

"Fundi, jana iliwaka vizuri, leo imegoma." Kauli hiyo si ngeni kwenye meza ya fundi wa kompyuta, awe Mhunze au Maganzo wilayani Kishapu, au Shinyanga mjini. Kompyuta mpakato inawashwa, feni inazunguka, nembo ya mtengenezaji inatokea, kisha skrini nyeusi inaandika kwamba hakuna diski ya kuwashia. Ikizimwa na kuwashwa mara mbili tatu, inafunguka kama vile haikuwahi kuumwa.

Hitilafu ya namna hii ndiyo inayokula fedha za watu. Kifaa kilichokufa kabisa hujitangaza, lakini kinachozimika na kufufuka humfanya fundi abahatishe. Anaanza kwa kupiga Windows upya. Tatizo likirudi, anaagiza hadi diski mpya. Likirudi tena, lawama zinahamia kwenye mazabodi. Mwenye kompyuta amelipa mara tatu, na faili zake zimefutwa siku ile ya kwanza.

Kuna swali moja ambalo lingeokoa gharama zote hizo: diski inapotea mbele ya nani?

Kompyuta inapowashwa, wa kwanza kuitafuta diski si Windows. Ni BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye mazabodi, ambayo huita kila kifaa kilichounganishwa na kusubiri kiitike. Windows huja baadaye, nayo hutengeneza orodha yake yenyewe. Kwa hiyo, mara hitilafu inapojitokeza, fundi huingia BIOS kwa kubonyeza F2, F10 au Delete, kutegemea mtengenezaji, na kutazama kama jina la diski limo. Lisipokuwemo, kupiga Windows upya ni kazi bure, kwa sababu safari imekatika kabla ya kufika huko.

Wachimbaji wadogo wa almasi wa Maganzo, jirani na mgodi wa Mwadui, wanaijua kazi hii ya kuchuja kwa mikono. Changarawe hupitishwa kwenye chekeche, na kila hatua inapunguza rundo la kutafutia. Hakuna anayeokota jiwe moja moja kwa kubahatisha. BIOS ni chekeche la kwanza la fundi.

Chukua kiendeshi cha DVD kinachoonekana BIOS lakini hakionekani ndani ya Windows. Mshukiwa hapo ni programu. Kisa maarufu kinahusu maingizo mawili ya rejista ya Windows, UpperFilters na LowerFilters, ambayo baadhi ya programu za kuchoma CD huyaandika na kuyaacha yamevurugika zinapoondolewa. Kiendeshi kizima hutoweka machoni pa mtumiaji. Fundi akihifadhi nakala ya rejista, akayafuta maingizo hayo kwenye fungu la viendeshi vya CD na DVD pekee, kisha akawasha upya, mara nyingi kiendeshi hurudi bila bisibisi kushikwa.

Jina la diski lisipoonekana hata BIOS, wanabaki washukiwa wawili: diski yenyewe, au njia inayoifikia. Historia ya kompyuta ina kisa kikubwa kwa kila mmoja.

Januari 2009 ilidhihirika kwamba baadhi ya hadi diski za Seagate za aina ya Barracuda 7200.11 zilikuwa zikijifunga zenyewe na kutoonekana tena BIOS. Sumaku na vichwa vya kusomea vilikuwa vizima, na data ilikuwa salama. Kosa lilikuwa kwenye programu ya ndani ya diski: kihesabu cha kumbukumbu za matukio kikiwa kimefika nafasi fulani wakati umeme unapokatwa, diski ilishindwa kuamka. Kampuni ilitoa programu mpya ya ndani. Aliyezitupa diski hizo alitupa faili zilizokuwa bado zinaishi.

Miaka miwili baadaye mambo yakawa kinyume. Tarehe 31 Januari 2011, Intel ilisimamisha usafirishaji wa chipu ya mazabodi iliyojulikana kwa jina la ndani la Cougar Point. Chipu hiyo ilikuwa na milango sita ya SATA, inayounganisha hadi diski na viendeshi vya DVD. Milango miwili ya kasi kubwa ilikuwa salama, lakini minne ya kasi ndogo ilikuwa na transista iliyopewa volti kubwa kuliko ilivyoweza kuhimili, ikawa inachoka kadiri muda unavyokwenda. Chipu ilipita vipimo vya kiwandani kwa sababu siku ya kwanza haikuwa na kasoro ya kuonekana. Intel ilikadiria kwamba ukarabati na ubadilishaji ungegharimu dola milioni 700 za Marekani. Hadi diski au kiendeshi cha DVD kilichochomekwa kwenye mmoja wa milango ile minne kingeweza kulaumiwa bure, ilhali kikihamishiwa mlango salama kinafanya kazi.

Hapo ndipo penye somo kwa fundi wa Kishapu: hamisha kabla ya kununua. Hadi diski ichomolewe na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB. Ikionekana, faili zinakiliwe papo hapo; ikiendelea kuonekana mara kumi kati ya kumi, macho yarudi kwenye njia. Kiunganishi cha SATA kina pini 7 za data na 15 za umeme. Kwenye kompyuta ya mtumba iliyobebwa miaka mingi kwenye begi na kuvuta vumbi la kiangazi, mguso wa pini moja ukilegea unatosha kuifanya diski ionekane asubuhi na kupotea mchana. Baadhi ya mipakato hutumia utepe mwembamba badala ya kiunganishi cha moja kwa moja, nao huchanika taratibu pale unapokunjwa.

Betri ndogo ya duara ya CR2032 isisahaulike. Saa ya kompyuta ikirudi miaka ya nyuma kila inapochomolewa kwenye umeme, huenda mipangilio ya BIOS nayo inafutika, pamoja na ule unaoamua namna ya kuzungumza na diski.

Diski nayo huweka kumbukumbu za afya yake, ziitwazo SMART. Namba 5 na 197 zikipanda, uso wa diski unaharibika. Namba 199 ikipanda, mara nyingi data inaharibikia njiani, kwenye kebo au kiunganishi. Hata hivyo, utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 36 ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote kwenye SMART, joto likiwekwa kando. Ndiyo maana kunakili faili hutangulia vipimo vyote.

Namba 199 hairudi nyuma hata kebo mpya ikifungwa. Fundi makini huiandika daftarini siku ya kufunga, humwachia mwenye kompyuta aitumie wiki nzima, kisha huisoma tena. Ikibaki palepale, na jina la diski likawemo BIOS kila asubuhi, kompyuta hurudi nyumbani na hadi diski yake ileile, na faili zote ndani.