Wa Nyuma Watapiga Lini?

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kazi ya sanaa kwa mizani miwili: fani na maudhui. Ukishataja dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, maksi zako umepata. Haya, chukua muziki wa Wagogo uupime hivyo. Mimi ni mtoto wa Arusha, Kigogo sikijui, lakini nikiisikiliza albamu ya Chibite (1996) ya marehemu Hukwe Zawose naduwaa. Dhamira siijui, kinachonishika ni mdundo. Sasa mtu anaujifunza vipi mdundo wa namna ile? Na nani anaruhusiwa kuujifunza?

Tuanze na ala yenyewe. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Zile kubwa zina vyuma vingi, na vingine havipigwi kabisa: vinalia vyenyewe pale vya jirani vinapoguswa. Tundu la sanduku hufunikwa kwa utando wa buibui, ndipo sauti inapata ule mkwaruzo wake. Kitu kama hicho hakifundishiki ubaoni. Zawose alijifunza kwa baba yake, kwa kukaa karibu na kusikiliza. Baadaye naye akawa mwalimu wa wengine katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa.

Wala si Wagogo peke yao. Kule Brazil, wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani wana capoeira, mchezo unaoongozwa na berimbau, yaani upinde wa waya mmoja wenye kibuyu. Mdundo ukibadilika, mchezo nao unabadilika. Mgeni anaanza kwa kupiga makofi na kuitikia, huku sikio lake linakomaa. Na mwenye mateke mazuri asiyejua kupiga wala kuimba bado ana deni.

Kwa hiyo kukaa nyuma ni shule. Hapo nakubaliana na wazee. Ila kuna shule nyingine, bwana, hazina siku ya kumaliza!

Kwa Wagogo wanawake ndio wapigaji wa ngoma za muheme, tena kwa ufundi mkubwa. Lakini zeze na ilimba, na nafasi ya kuongoza jukwaani, kwa muda mrefu vilikuwa mikononi mwa wanaume. Hata ndani ya familia ya Zawose wanawake walikuwa waitikiaji, wachezaji na wapiga ngoma. Hukwe alifariki mwaka 2003. Ilibidi ifike 2024 ndipo Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, wakatoa albamu yao wenyewe kwa jina la The Zawose Queens. Inaitwa Maisha.

Isikilize utaona miaka ile ya nyuma haikupotea. Sauti zinapokezana bila kugongana. Kila mmoja anajua mwenzake atavuta pumzi wapi. Nina lawama moja tu: kuna mahali vinanda vya umeme vinaziba nafasi ambazo katika Chibite ziliachwa wazi, na ilimba inataka nafasi ili ule mkwaruzo usikike. Hata hivyo, wanaoongoza ni wao, na mitambo ndiyo inayowafuata.

Hapa kwetu chini ya Meru ujuzi ni wa aina nyingine. Uimbaji wa Kimaasai kwa asili hauna ngoma. Mdundo unatoka kooni, kifuani na kwenye ule mruko. X Plastaz wa Arusha walilijua hilo. Katika Maasai Hip Hop (2004) walimpa Merege nafasi aimbe Kimaasai chake katikati ya mistari ya Kiswahili. Yeye hakugeuzwa kuwa rapa, na uzuri wa kazi ile uko hapo. Leo naona vijana kwenye vijiwe vyetu wanachomeka sekunde tano za sauti ya moran kwenye biti, kisha wanasema wameenzi utamaduni. Hizo sekunde zimekaa kama shanga kwenye shingo ya sanamu.

Ndugu msomaji, wewe unayeandika riwaya kwenye daftari kama mimi, umeshaambiwa mara ngapi, "Subiri kwanza, bado mdogo"? Jibu langu nimelipata kwa Pendo na Leah. Tukae nyuma, ndiyo, tena kwa adabu: tuwasome waliotangulia mpaka tujue wanapovutia pumzi. Lakini anayetuambia tusubiri atuambie na zamu yetu ni lini. Asipotaja, basi sisi tumeshaanza kuandika, na jarida hili ndiyo ngoma yetu.